Viatu vya Mwalimu Mutua

Enzi zetu shuleni Kizingitini, neno gumu la Kiingereza lilikuwa kama nguo ya Idi: ukilipata, lazima ulitembeze mtaani. Tulitoka darasani na vumbi la chaki puani, tukapita katikati ya harufu ya samaki wa kukaanga, tukiwasemesha Kiingereza hata mbuzi. Vijana wa leo wana kamusi nzima ndani ya simu, na bado wanaandikiana herufi mbili tatu kama watu wanaokimbizwa.

Aliyetutia wazimu huo ni Mwalimu Mutua, mtu wa Ukambani, aliyeteremka boti pale Mtangawanda akiwa amevaa viatu vyeusi vya kung'aa, ambavyo mchanga wetu haukuwa na kazi navyo. Asubuhi moja aliandika ubaoni "disillusioned". Tukatazamana. Akatueleza kuwa ni mtu aliyeamini jambo kwa moyo wake wote, kisha akaja kuona kwamba halikuwa kweli. Akataka sentensi. Akamwinua rafiki yangu Mwanahawa, aliyetamani kwenda sekondari kisha awe muuguzi, na Kiingereza ndicho pekee kilichomkwamisha.

"Siliwezi, mwalimu," alisema. "Halijanipata."

Mwalimu alicheka. "Basi Mungu akuepushie. Lakini usijali, niko hapa mpaka mtihani. Tutalirudia."

Mwaka ule ulikuja kuwa wa hofu. Wageni kama mwalimu wetu waliuawa ng'ambo ya kisiwa chetu, upande wa bara, na walimu wageni wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Mwalimu Mutua alituambia anakwenda likizo fupi. Kwetu msafiri haulizwi maswali, hufungiwa masurufu. Mama zetu wakamwokea mikate ya mofa, wakamkaangia samaki, nasi watoto tukamsindikiza tukicheka njia nzima. Viatu vyake vyeusi aliviacha mlangoni pa nyumba aliyokaa. Bi Zena, mamake Mwanahawa, alipoviona moyo ulimtulia.

"Mtu haati viatu akenda zake," alituambia. "Fagiani nyumba, mwalimu yu ndiani."

Basi, kwa kuwa mwalimu alikuwa njiani kurudi, tukafagia. Kila Ijumaa Mwanahawa alivipangusa viatu vile na kuvipaka mafuta ya nazi visije vikapasuka. Shule zikafunguliwa, Kiingereza hakina mwalimu. Asubuhi ya mtihani alivipangusa tena, kisha akaenda kufanya mtihani, akaanguka. Babake hakutaka hata kusikia habari ya kurudia darasa.

Simlaumu mwalimu kwa kuondoka. Nani asiyependa uhai wake? Ninachomlaumu ni kutotwambia. Tungemfungia masurufu yale yale, na Mwanahawa angetafuta mtu mwingine wa kumsomesha mapema. Hilo linaniuma mpaka leo.

Siku hizi Mwanahawa anauza samaki wa kukaanga nje ya nyumba yao. Binti yake yuko shule ile ile, na walimu bado hawatoshi. Ukimwambia mwalimu mpya ataletwa, anacheka bila kuinua macho kwenye simu: "Hizo ni story tu." Huwa namtania kwamba kizazi chake hakiamini hata jua litachwa. Sisi tuliamini hata viatu vitupu, na tulikuwa na furaha ambayo yeye hajawahi kuionja.

Mwezi uliopita nilimuuliza Mwanahawa kama analikumbuka neno lile. Aligeuza samaki kwanza.

"Nalikumbuka," alisema. "Sentensi sasa ninayo. Wa kumsomea ndiye sinaye."