Mfunga Matao wa Nørlund

Hapa Nørlund, mji wetu mdogo wa kaskazini, huoi, wala huadhimishi jubilei ya ndoa, bila Tove Brogaard kuupamba mlango wako kwa tao la matawi ya msonobari. Alfajiri ya siku yenyewe majirani hulisimika, huimba mpaka wenye nyumba watoke na nguo za kulalia, kisha wote huingia ndani kunywa kahawa. Tove ndiye huwaita watu na ndiye husimamia. Kwa kazi ni mtunza kanisa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, na ukifunga tawi ovyo atalifungua mbele yako bila hata kukutazama usoni.

Kwa hiyo kanisa letu lilipopata harusi ya kwanza ya wanaume wawili, Troels na Asger wa duka la baiskeli, hakuna aliyeuliza nani atafunga tao. Mchungaji Signe aliitangaza harusi hiyo pamoja na habari za paa linalovuja, waumini wakapiga makofi, wakaendelea na wimbo. Kilichomkosesha Tove raha kilikuwa nyumbani kwake.

Nyumbani kwake yuko Edel, mkewe. Waliandikishwa serikalini kama wenzi zamani, mara tu sheria iliporuhusu, wakiwa bado na viuno vyembamba. Kanisani siku zile hapakuwa na nafasi yao. Sasa ipo, na Tove anaitaka kwa moyo wake wote: kusimama na Edel mbele ya madhabahu ambayo ameifuta vumbi maisha yake yote. Kila akimwuliza, jibu ni lile lile.

"Kwa watu wale? Sikanyagi."

Sababu aliijua. Asubuhi ya jubilei yao ya miaka ishirini na mitano Edel alioka mikate ya kutosha mtaa mzima, akapanga vikombe, wakakaa na nguo za kulalia makusudi, ili wakutwe. Hakuja mtu. Mikate ile waliila wiki nzima, ya mwisho wakiichovya kwenye supu. Edel hakulia, na hilo lilimtisha Tove kuliko kilio. Tangu hapo haingii kanisani hata Krismasi.

Jioni ya kuamkia harusi ya Troels na Asger, majirani walijazana bandani kwa Holger, anayeishi nyumba inayopakana na ya kina Tove. Walikuwa wakifunga matawi na kutaniana.

"Kwenye karamu, bwana harusi akitoka kidogo, wanaume humbusu bibi harusi," alisema Holger. "Sasa kesho mmoja akienda chooni, nani ambusu aliyebaki?"

"Wewe huna meno, usijihesabu," akajibiwa, na banda zima likacheka.

Ndipo Edel akaingia. Tove alikuwa amesahau miwani, naye amemletea. Holger, kwa furaha tu, akamshika mkono.

"Bi Edel, tazama! Nørlund haijawahi kufunga tao kama hili. La kwanza!"

"Lingekuwa la pili," alisema Edel.

Kicheko kilikatika. Tove alitamani ardhi ipasuke. Edel aliiweka miwani mezani taratibu na kuwatazama mmoja mmoja.

"Niliwaokea mikate. Mlikuwa wapi?"

Holger alivua kofia. "Tulimsubiri Tove atuite. Siku zote Tove ndiye anayetuita."

Maneno hayo yalimchoma Tove. Ni kweli, alikuwa ameuitia watu kila mlango wa mtaa ule, ila wake hakuweza. Nani hujialikia sherehe ya mlangoni kwake?

"Kwani miguu yenu ni ya Tove?" Edel aliuliza.

"Hapana," alisema Holger. Alikuwa mzee mkubwa wa mwili, naye aliikunjakunja kofia mkononi. "Harufu ya mikate ilinifikia hadi kitandani. Nilivaa viatu kabisa. Nikawaza, je, nikiwa peke yangu? Watu watasemaje? Nikavua. Niliogopa, Bi Edel. Sina la kujitetea."

 Edel alivuta kiti, akachukua tawi na kulifunga. Alilifunga vibaya, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Tove hakulifungua. Wengine nao wakaendelea na kazi, kwa aibu, bila kuinua macho.

"Tove," Edel alisema baada ya muda, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Jumamosi ijayo kanisa lina harusi?"

"Halina."

"Basi mwambie Signe asiondoke mjini. Tunaoana."

 Tove alijawa na furaha, na machozi yalimtiririka mbele ya watu wote aliowahi kuwakaripia.

"Na tao hutaligusa," Edel aliendelea. "Wewe siku hiyo utalala. Hawa ndio watafunga, hata likiporomoka."

 Holger aliuliza kwa woga kama matawi hukatwa siku moja kabla au mbili, na kama kamba hulowekwa kwanza. Tove akafuta pua haraka, akageuka amweleze.

"Nyamaza wewe," Edel akamkata. "Bibi harusi haulizwi mambo ya kamba."