Shemeji wa Tumbusi Hapasui Tena Mzoga Asioujua

Saa kumi na mbili asubuhi, mkokoteni umeshatoka lango la machinjio. Nira yake ni ya punda wawili, lakini anayevuta ni mmoja. Juu amelazwa ng'ombe aliyekataliwa na mkaguzi wa nyama. Nyuma, wachinjaji hawajamaliza utani.

"Shemeji, wasalimie wakwe."

"Wakwe wenyewe wako wapi," anajibu mwenye mkokoteni bila kugeuka.

Ana miaka ishirini na mbili akipeleka mizoga kwenye shimo nje ya mji. Jina alilipata kwa tumbusi, ndege wa shingo kipara ambao watu huwatemea mate. Yeye huwasifu kama jirani mwema. Tumbusi sitini walimmaliza ng'ombe kwa nusu saa, ikabaki mifupa. Nzi hawakuwahi hata kupiga hodi.

"Tumbo la tumbusi huunguza vijidudu vinavyotuua sisi," anasema mkaguzi.

Mke wa Shemeji, muuza mkaa, aliwaita mke mwenza. "Mume akichelewa, najua yuko kwa mwenzangu mwenye mabawa."

Ngozi ya ng'ombe huishinda midomo ya ndege hao, na mara nyingine walingoja siku mbili ilainike. Kwa hiyo Shemeji, kabla ya kuondoka, alipasua kila mzoga tumboni kwa kisu.

"Nilikuwa nawafungulia mlango," anasema.

Mwaka jana mfugaji mmoja alimkabidhi ng'ombe aliyekufa. Hakusema kwamba ameutia mzoga sumu, ili uwaue mbwa koko waliomla ndama wake. Alihesabu kwamba tumbusi watangoja ngozi, na mbwa watatangulia usiku. Habari za kisu hakuwa nazo.

Kufikia jioni tumbusi arobaini na mmoja walikuwa chini, wengine nyama ingali mdomoni. Waliobaki walihama.

"Nilikusudia mbwa, kaka," mfugaji alimwambia.

"Sasa mbwa ndio waliobaki."

Wakaongezeka kweli. Mzoga ukawa unalala siku tisa ukinuka, mbwa wakila na kuzaana. Mmoja mwenye kichaa akamng'ata punda, kisha mke wa Shemeji kwenye kifundo cha mguu.

Leo Shemeji anashusha ng'ombe wake, anamuuliza mkaguzi aliyefuatana naye karatasi ya ukaguzi inasemaje, anaambiwa amevunjika mgongo. Ndipo anachomoa kisu. Mzoga asioujua huufukia mzima. Anataka tumbusi warudi kabla yeye hajaishiwa nguvu, ingawa mkaguzi amemweleza kuwa jike hutaga yai moja tu kwa mwaka.

"Basi nitangoja hilo moja," anasema.

Mfugaji aliuza ng'ombe waliobaki akahama. Punda aliyeng'atwa alikufa siku ya kumi na mbili. Mke alimaliza sindano zote; anachechemea, anauza mkaa. Mkaguzi ameomba uhamisho. Mwezi huu tumbusi watatu wameonekana juu ya shimo. Hakuna aliyetua.