Rejesho la Siku za Mbalamwezi

Kuna siku moja huwa inanirudia kila nikimsikia mtu akisema "si nitalipa tu." Jana, mwanangu, umelisema neno hilo mbele yangu, simu mkononi ikileta ujumbe wa deni, na ukacheka. Nilinyamaza kwa sababu wageni walikuwepo. Leo tuko wawili na chai bado ya moto, kwa hiyo kaa nikueleze. Na usinitazame kwa jicho la "shangazi naye," maana haya hayakutokea enzi za Wajerumani. Benki zilikuwepo, simu zilikuwepo, nami nilikuwa na nguvu zangu, mwanamke wa kupandisha beseni la dagaa kutoka ufukweni bila kumwomba mtu msaada.

Mama yangu, bibi yako huyo aliyekubeba mgongoni, alikuwa amefariki, arobaini yake imepita. Aliacha ile nyumba ya Ujiji. Wewe huikumbuki, hukuwa umeanza hata shule. Nyumba ya matofali mabichi, kuta nene, ndani baridi hata jua likiwaka namna gani. Nje ilikuwa na kibaraza ambapo mama alikaa kila alasiri akichambua mchele na kuwasema wapita njia, na ukutani, pale alipozoea kuegemea, palibaki doa la mafuta ya kichwa chake. Tuliwahi kupaka chokaa mara nyingi, doa likarudi. Sasa ningetoa chochote nilione doa lile.

Mirathi ni mirathi, haigombwi. Tulikuwa watatu: mimi, baba yako Yusufu, na shangazi yako Mwajuma aliyeolewa Tabora. Yusufu alitaka fungu lake akafungue karakana Kasulu, Mwajuma alikuwa na mume mgonjwa. Sikuwalaumu na siwalaumu. Mfanyabiashara mmoja wa vitambaa alikuwa ameshaitazama nyumba na fedha zake ziko tayari. Baba yako akaniambia, "Dada, tunajua roho yako iko hapa. Ukipata fedha za kutulipa kabla ya Idi, nyumba ni yako. Idi ikipita, tutampa huyu bwana."

Nikacheka kama ulivyocheka wewe jana. Nilikuwa na akiba kidogo, na kwa kilichopungua nilikuwa na benki. Si nilishawahi kukopa kwao mtaji wa dagaa nikalipa wote mpaka senti ya mwisho? Nikavaa kitenge kipya, nikapanda kwenda mjini.

Afisa mikopo alikuwa kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Iringa. Alikuwa amejifunza salamu moja tu ya Kiha, ile ya asubuhi, na aliitumia hata mchana na jioni. "Mwakeye, mama," akaniambia, saa nane ya mchana. Nikamwona mtoto mzuri. Akaandika jina langu kwenye kompyuta yake, akasoma, akarudi juu akasoma tena.

"Mama, mkopo wako wa zamani uliumaliza," akasema.

"Nilikwambia."

"Uliumaliza, lakini ulikuwa unachelewa. Karibu kila mwezi. Taarifa za wakopaji hukusanywa mahali pamoja, mama, na kila benki inazisoma. Alama zako ziko chini sana. Kwa kiasi unachotaka, wakubwa zangu hawatanipitishia."

"Si nililipa? Na faini zenu nikalipa?"

"Imeandikwa kwamba ulilipa. Imeandikwa na ulilipa lini."

Mwanangu, nilimtukana mtoto wa watu. Siyarudii maneno yale, nina swala mbele yangu. Nilitoka pale, sikwenda nyumbani, nikashuka moja kwa moja ufukweni kwa Mzee Sefu.

Mzee Sefu alikuwa na mitumbwi na taa, nami nilichukua dagaa kwake kwa mkopo tangu nikiwa msichana. Na hapa lazima nikueleze desturi yetu, maana nyinyi mnakula dagaa tu hamjui walikotoka. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa hawaifuati taa, mitumbwi inapandishwa mchangani, wavuvi wanashona nyavu, na mji wote unakaa mifuko mitupu. Siku hizo za mbalamwezi hakuna aliyemdai mwenzake. Mwenye duka alisubiri, mwenye mtumbwi alisubiri, mama wa mawese kutoka Simbo alisubiri. Mwezi ukipungua, giza likiingia, dagaa wakirudi, kila mtu alilipa deni lake. Nimezaliwa katika hilo, sikujua kwingine.

Basi na benki, kwenye ule mkopo wa mtaji, nilikuwa nimewafanyia hivyohivyo. Rejesho likiangukia giza, nililipa. Likiangukia mbalamwezi, nilisubiri giza. Walinitumia ujumbe, sikuufungua. Walipiga, nikaiacha simu iite ndani ya beseni. Moyoni nilikuwa safi kabisa, kwa sababu nilijua nitalipa, na nililipa. Nilijiona mwaminifu kuliko wote wa pwani ile.

Nikamweleza Mzee Sefu yote, nikingoja aniunge mkono. Nilitaka aseme wale ni watu wa kuja, hawajui mambo ya ziwa. Alikuwa anakagua nyavu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Na wewe ulikwenda kwao?" akaniuliza.

"Kwenda kufanya nini, Mzee? Sikuwa na fedha."

"Kwangu ulikuwa unakuja." Sasa akanitazama. "Mwezi haujawa hata nusu, nakuona unakuja na kanga yako. Unakaa hapo, unaamkia, unasema, Mzee, mwezi huu utanikuta na deni lako. Mimi nakwambia tungoje giza. Mwanamke, unadhani nilikuwa naungoja mwezi? Nilikuwa nakungoja wewe uje useme. Yupo mmoja hapa jirani hakuwahi kuja, akawa anajificha nyuma ya vichanja vya kuanikia dagaa. Huyo nilimpa tena dagaa?"

Hakuwa amempa tena. Pwani nzima ilijua.

"Desturi umeichukua nusu," akasema. "Umechukua ile ya kusubiriwa, ile ya kwenda ukaiacha." Kisha akarudi kwenye nyavu zake. Wazee wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi nilikuwa nimelipa kwa mikono yangu na matanga bado yakaja.

Nilirudi kwa yule kijana wa Iringa nikamwomba radhi. Alikubali, Mungu amzidishie. Akaniambia kwamba jina lililochafuka husafishika: kopa kidogo, rejesha kwa siku yake, kopa tena, rejesha, na miaka ikipita alama zitapanda. Nilimwambia sina miaka, nina mpaka Idi. Kuna watu walinishauri niende kwa wale wa mikopo ya kausha damu. Nilikwenda hadi mlangoni kwao, nikapiga hesabu ya riba, nikageuka, na hilo ndilo jambo la akili pekee nililofanya mwaka ule.

Idi ikapita. Nyumba ikauzwa.

Unajua nilichokosa, mwanangu? Si kuta. Zamani sikukuu ikifika, Mwajuma alishuka treni kutoka Tabora na mizigo yake ya asali, baba yako akaja na nyinyi wote, tukalala kwenye mikeka chumba kimoja tukipiga soga kama watoto. Mwaka wa kwanza baada ya kuuza, Mwajuma alikuja akafikia kwangu, kwenye chumba changu cha kupanga cha Rusimbi. Alikaa siku mbili. Wakati wa kuondoka akaniambia, "Dada, nimekuja kukusalimia, lakini sijaja nyumbani." Hakuja tena. Tunapigiana simu, tunatumiana picha za wajukuu, na ninamtamani ndugu yangu kana kwamba amevuka ziwa. Hata wewe na binamu zako mkikutana njiani mnaamkiana kama wapangaji. Hilo linaniuma kuliko yote, na linaniuma leo kama siku ile.

Ushauri wa yule kijana niliufuata. Nilikopa kidogo, nikatenga rejesho wakati wa giza ili mbalamwezi inikute nalo mkononi. Mwezi uliokuwa mgumu nilikwenda benki kabla ya siku, nikakaa kwenye kiti chao nikasema kama nilivyosema kwa Mzee Sefu, wakanipangia upya. Ikachukua miaka. Mwaka juzi benki hiyohiyo ikaniambia, mama, sasa unaweza kupata kiasi kile, na zaidi. Nikakimbia Ujiji kwa miguu hii mibovu. Yule mwenye nyumba alinikaribisha kibarazani, akaniletea kahawa, akanisikiliza kwa heshima. Akasema, "Bibi, ningekuuzia. Lakini wanangu wamezaliwa humu. Hapa ndipo kwao." Mlangoni alisimama binti yake mdogo akinitazama, anajiuliza huyu mgeni anataka nini. Nilimaliza kahawa nikaaga.

Sasa sikia. Sikukatazi kukopa, mimi mwenyewe nimelelewa na mkopo. Lakini kabla hujakopa, jua siku ya kulipa inaangukia wapi katika maisha yako, si katika maisha ya anayekukopesha. Ukiona hutafika, nenda wewe kabla hawajakupigia. Dawa ya deni ni kulipa, ndiyo, ila mwanzo wa dawa ni kuonyesha uso. Hivyo vielfu unavyokopa kwenye simu ukavicheka, vinaandikwa vilevile kama vyangu vilivyoandikwa. Usichukue mkopo huu kuziba ule, na usimwachie rafiki laini yako na kitambulisho chako akopee, hata akilia. Na uwaombe wanaokukopesha wakuonyeshe kumbukumbu zako, ni haki yako. Ukikuta wamekosea, walalamikie warekebishe. Kuuliza si ujinga, mimi nilipouliza nilikuwa nimechelewa. Sasa hivi huna nyumba unayoitaka, ndiyo maana unaona hapana neno. Siku utakapoitaka, hawatakuuliza moyo wako ukoje.

Haya, ifungue hiyo simu usome ujumbe wa hao wanaokudai, nami nipo. Mwenyezi Mungu akupe riziki inayofika kabla ya siku yake, akupe na ujasiri wa kwenda pale usipokuwa nayo. Akujalie nyumba, mwanangu, na ndugu zako wakija, wasije kukusalimia wewe tu. Waje nyumbani.