Macho Mekundu ya Bibi Kabula

Nilipokuwa mtoto kule Biharamulo, mchawi alijulikana kwa macho yake. Yakiwa mekundu, basi, kesi imekwisha. Hakuna aliyejisumbua kuuliza kama ni moshi wa samadi tuliyopikia kuni zilipoadimika, au ni uzee, au bibi wa watu alikuwa amelia tu. Sisi watoto wa wafugaji tuliohamia huko kutoka Shinyanga tulilijua jambo hilo kabla ya kujua kuandika. Tukikutana na bikizee njiani tulimwamkia shikamoo kwa heshima zote, huku tunamchungulia macho.

Bibi yangu Kabula, mama yake baba, alikuwa na macho meupe safi, na hayakuwa hivyo kwa bahati. Jiko lake aliliweka nje, naye alikaa upande ambao moshi hauendi. Kila asubuhi aliyanawa macho yake kwa maji ya baridi, kwa utulivu wa mtu anayesali. Alijua bikizee mwenye macho ya moshi huishia wapi. Rafiki yake wa ujanani alikuwa ameishia huko.

Mpigapicha wetu alikuwa Mzee Deo, Mhangaza wa Bukiriro, Mkatoliki mwenye rozari shingoni, aliyekuja kwa baiskeli siku za gulio. Kamera zake nilizijua kama nilivyowajua ng'ombe wa nyumbani. Kubwa lao lilikuwa sanduku la mbao lenye miguu mitatu na kitambaa cheusi. Mzee Deo alijifunika kichwa kwa kile kitambaa, makalio yakabaki nje, nasi tukacheka mpaka tukafukuzwa. Nyingine ilikuwa na macho mawili, moja juu ya jingine. Hiyo aliishikia tumboni, akainama kama anayechungulia kisima. Ya tatu ilikuwa ya chuma, nzito, na taa yake ya kumulika aliiinua juu kwa mkono wa pili, mbali kabisa na kamera. Zote hizo zilitoa picha nyeusi na nyeupe, na alizisafisha mwenyewe kwenye chumba chake cha giza huko kwao. Bibi alipigwa picha na zote, akapendeza katika zote, na alilijua hilo.

Kisha Mzee Deo akaja na kamera ndogo ya plastiki. Hii ilipiga picha za rangi, ilijivutia mkanda yenyewe, na taa yake ilikuwa imebanwa palepale kando ya jicho lake. Mkanda ukiisha ulipelekwa Mwanza kusafishwa, na picha zilirudi wakati watu wameshasahau walivaa nini. Mwaka ule kijiji kizima kilitaka rangi.

Siku ng'ombe wa mahari ya shangazi walipoletwa, mvua ilinyesha mpaka hatukuweza hata kusikilizana. Tulijazana ndani ya nyumba ya baba mdogo, Ngasa, mdogo wake baba. Ngasa akataka picha hapohapo.

"Radi haiingizwi ndani ya nyumba, Deo," bibi alisema. "Ngoja mvua ikatike, tutoke nje."

"Mama naye," Ngasa akacheka. "Piga, mzee. Hawa wazee wetu watatuchelewesha."

Mzee Deo akapiga. Mwanga ulipasuka mle ndani, na kila mtu aliruka. Wengine walifumba macho, wengine waligeuza shingo, shangazi aliuficha uso kwenye kanga. Bibi hakutikisika. Alikuwa amekubali kupigwa picha, na mtu akikubali kupigwa picha hutazama kamera. Alitazama moja kwa moja.

Kabla picha hazijarudi, mtoto wa Ngasa alikufa. Aliitwa Masanja, alikuwa bado anatambaa, na homa ilimchukua upesi. Bibi ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni mama yake alipokwenda shambani. Waswahili husema mchawi mpe mwana akulelee, na kabla ya msiba kila mtu alimsifu bibi kwa ulezi ule. Baada ya msiba walianza kuukumbuka kwa namna nyingine.

Ndipo picha zikafika. Niliiona ile picha kwa macho yangu. Nyumba imejaa watu wenye nyuso zilizogeuka, na katikati amekaa bibi yangu na macho mawili mekundu, yanawaka kama makaa. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja nilihisi ngozi inanisisimka. Nasema hivyo ili ieleweke kwamba kitu kile kilitisha kweli.

Ngasa aliichukua picha akaipeleka kwa mganga. Mganga, wanavyosema, hata hakutikisa kibuyu. Maneno yakaenea kisimani na kilabuni: kamera haina ukoo, haimwonei mtu, macho yale ameyaficha kwetu kwa kuyanawa kila siku, sasa yamefichuliwa. Hata usafi wake ukawa ushahidi.

Baba alitaka kumhamishia Mugoma, kwa wajomba zangu. Alikuwa ameshaazima baiskeli.

"Mama, hawa watu wamekusudia," alimwambia.

"Nimkimbie nani?" bibi akauliza. "Ngasa? Huyo nimemnyonyesha miaka miwili, alikuwa hataki kuacha. Kesho nitakwenda kuongea naye."

Kesho yake baba alitoka na ng'ombe. Jua lilikuwa bado juu, mimi na bibi tumekaa uani tunabangua karanga. Wanaume wawili nisiowajua waliingia bila hodi, wana mapanga. Nyuma yao, kwenye mwanya wa uzio wa minyaa, alisimama baba mdogo Ngasa. Mikono yake ilikuwa mitupu.

"Minza, ingia ndani," bibi aliniambia. Sauti yake ilikuwa ile ya kunituma chumvi. Nilisimama nikafika mlangoni, nikageuka kutazama.

Bibi hakuwatazama wale wawili. Alimtazama mwanawe. "Ngasa," alisema, "njoo unitazame macho. Njoo karibu, baba."

Ngasa alitazama chini.

Panga la kwanza bibi alilikinga kwa mkono. Sauti ya pigo lile niliijua, ni sauti ya mgomba unaokatwa, na mkono ukabaki unaning'inia kwa ngozi. La pili lilimpata shingoni. La tatu na mengine yalimkuta ameshalala juu ya karanga, na wale watu waliendelea kukata kama wanaofyeka kichaka, wanahema, mmoja akapangusa uso wake kwa kiwiko akaendelea. Hakuna aliyepiga kelele, hata mimi. Walipoondoka walipita kando ya Ngasa naye akawafuata.

Wenye mapanga hawakuonekana tena. Ngasa hakuguswa, kwa kuwa hakushika kitu, na aliyemwona alikuwa mtoto wa kike. Alikuja msibani akala.

Mzee Deo alipopata habari alikuja kwetu. Baba alimsimamisha mbele ya mkutano wa kijiji pale shuleni, naye akaeleza kwamba taa ya ile kamera iko karibu mno na jicho lake, kwamba gizani mwanga huingia hadi kwenye damu iliyo nyuma ya mboni na kurudi nayo, na kwamba zile kamera zake za zamani hazikuwahi kufanya hivyo. Walimpiga. Mmoja aliliinua lile sanduku la mbao akalivunja kwenye jiwe, na ile ya macho mawili ikakanyagwa hadi vioo vikawa unga. Mzee Deo, damu puani, alisema neno moja tu: waingie darasani, wafunge madirisha, awapige picha wote kwa ile ndogo ya plastiki, na yeyote asiyeogopa atazame kamera. Nani angekubali kuonekana mwoga? Waliingia, na Ngasa akakaa mstari wa mbele.

Picha zilirudi kutoka Mwanza. Zilipitishwa mkono kwa mkono mbele ya ofisi ya kijiji, na nilikuwepo, nimeshika shati la baba. Wanaume wazima, wazee wa baraza, mwalimu wa dini, Ngasa mwenyewe, wote macho mekundu. Kisha mtu fulani alicheka, na mwingine akacheka, na Ngasa, akiwa ameishika picha yake, akasema, "Kumbe ni kamera tu."

Wakakubaliana naye, wakaenda kunywa.

Sasa naishi Rusumo, nina wajukuu, na watu wengi wenye huruma wameniambia kwamba bibi yangu aliuawa na ujinga. Kwa miaka mingi nilikubali, kwa sababu ujinga hauna jina na mtu anaweza kuusamehe. Siku hizi sikubali. Ile siku picha za darasani ziliporudi hapakuwa na semina wala mtaalamu, na Mzee Deo hakuulizwa tena chochote. Macho mekundu yalipokuwa yao, walielewa papo hapo.