Jumamosi ya Kumwagilia Makaburi

Mama yake rafiki yangu alifariki siku moja kabla hatujapanda ndege kwenda Ujerumani. Mimi nilijua, yeye hakujua. Naanza na hilo kwa sababu nikilichelewesha nitaanza kujitetea, na utetezi wangu nimeshausikia mara nyingi mno kichwani mwangu mwenyewe.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Tulikuwa Watanzania wawili katika chuo kimoja cha Rockville, Marekani, mimi wa Tanga, yeye wa Moshi, tumepanga chumba kimoja na tunakula sufuria moja. Chuo kikaandaa safari ya wiki mbili: wanafunzi wakajifunze umeme wa upepo na wa jua, na gesi ya kinyesi cha ng'ombe, na pia waone Wajerumani wanavyoishi. Mimi nilijiandikisha kwa sababu nilitaka kuiona Ulaya, basi. Mwenzangu alikuwa na lengo. Mama yake alikuwa na ng'ombe wanne na jiko la kuni lililomharibu macho kwa moshi, na binti alitaka kujua shimo la gesi linachimbwaje, lina kina gani, linafunikwa na nini. Alinunua daftari jipya akaandika kwenye jalada: Jiko la Mama.

Jumatano, kesho yake tukiwa tunasafiri, mama yake mdogo aliyeishi Bowie alinipigia simu maktaba nilikofanya kazi. Akasema niende kwake, na niende peke yangu. Bowie bila gari hufiki, kwa hiyo alimtuma jirani yake Mkongo anichukue, mama mmoja waliyefanya naye kazi ya kutunza wazee. Yule mama kwa kawaida haishi maneno. Siku ile aliendesha njia nzima hajasema kitu, na mimi nikaanza kuhesabu wagonjwa wa kwetu.

Nyumba ilikuwa imefungwa mapazia mchana kweupe. Mama mdogo alikaa jikoni na sare yake ya kazi, macho yamevimba.

"Dada yangu hayupo tena," akasema. "Presha. Alianguka asubuhi, hata hospitali hakufika."

Nilipiga ukelele. Akanishika mkono kwa nguvu, nikajua sikuitwa kulia.

"Sikiliza, mwanangu. Usimwambie. Visa yake ina-expire siku nne baada ya nyie kurudi. Akienda nyumbani ata-apply upya, na pale ubalozini watamnyima kama walivyomnyima kaka yake. Amebakiza mwaka mmoja tu a-graduate. Dada alijinyima kila kitu kwa ajili ya hii shule. Aende safari yake, arudi, mimi nitamwambia hapa hapa, akiwa na watu wa kumshika."

Jirani Mkongo alikuwa amesimama mlangoni, hajavua koti. "Mimi naona ile haiko bien, mama," akasema. "Mutoto hawamufiche kifo ya mama yake. Siku atajua, atawachukia ninyi wote."

"Kwetu mtu haambiwi msiba akiwa njiani," mama mdogo akamjibu, kisha akanigeukia. "Apa."

Nikaapa. Nilisema wallahi, mara moja tu, na nilidhani natenda wema. Ni kweli kwetu sote, wa pwani na wa bara, msiba haurushwi kama jiwe. Mtu huletwa kwanza kwenye watu, akakalishwa, ndipo akaambiwa. Na nilikuwa na sababu yangu nyingine, ambayo sikumwambia mtu. Kwetu Tanga anayekufa asubuhi, jioni yuko kaburini. Nikapiga hesabu za Tanga: mama wa watu ameshazikwa, binti hata akiruka leo hamkuti, basi atakosa nini? Sikuuliza wanazika lini. Halikunijia kabisa kuuliza.

Alhamisi tulikwenda uwanja wa ndege, kule upande wa Herndon. Mwenzangu alibakiwa na dakika kwenye kadi yake ya simu, akataka kumuaga mama. Nilisimama kando nikimwangalia anavyobonyeza zile namba ndefu. Aliongea kidogo, akarudi amekunja uso.

"Kapokea binamu. Eti mama kaenda kumwangalia mgonjwa. Lakini nyumba imejaa watu, nimesikia wanaimba. Kule si saa saba usiku saa hizi?"

"Labda mkesha wa kanisa," nikasema.

"Siku ya Alhamisi?"

"Kwani Mungu ana siku?"

Akacheka. Nilishangaa jinsi uongo ulivyonitoka laini, mimi ambaye nyumbani nilichapwa utotoni kwa kushindwa hata kuficha sukari niliyoiba.

Ujerumani tuligawanywa wawili wawili kwenye nyumba za watu. Sisi tulipewa mjane mmoja, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, katika kijiji cha kaskazini kilichozungukwa na mitambo ya upepo. Watanzania wangeiita mapangaboi, zile feni za darini, maana ni mapangaboi kweli, ila yamesimamishwa shambani na kila panga ni refu kuliko basi. Mmoja ulikuwa karibu na nyumba. Jua likishuka, kivuli chake kilipita juu ya meza ya jikoni, sahani hadi sahani, kikaondoka, kikarudi. Mjane hakukiona tena, alikuwa amekizoea. Mwenzangu alikifurahia, akawa anakihesabu kwa saa yake ya mkononi ili ajue mtambo unazunguka mara ngapi kwa dakika. Mimi kilinikosesha chakula. Kila kilipomgusa usoni nilitaka kusema.

Siku ya Jumapili kijiji kizima kilinyamaza. Mjane alitueleza kwamba siku hiyo hakuna kukata majani, hakuna kupiga nyundo, hata chupa hutupi kwenye pipa la chupa kwa sababu zitalia. Nikawaza, hawa wamenitungia sheria mimi.

Jumanne tulipelekwa kwenye shamba la ng'ombe lenye shimo la gesi. Mwenzangu alimganda mwenye shamba kwa maswali mpaka mwalimu wetu akamwomba awape na wengine nafasi. Wenzetu walikuwa wameziba pua. Yeye alikuwa amechuchumaa pembeni mwa lile shimo, anachora mabomba. "Kwa ng'ombe wanne inatosha!" akanipigia kelele kutoka kule. "Inatosha kupika maharage!"

Sikuweza kuendelea kunyamaza. Nilikwenda kwenye kibanda cha simu kijijini nikampigia mama mdogo, nimwombe aniondolee kiapo.

"Vumilia," akasema. "Wakishazika Jumamosi itakuwa nafuu kidogo."

Nikadhani sikusikia. "Hawajazika?"

"Wazike vipi? Wanamsubiri kaka yetu atoke Afrika Kusini. Dada yuko mochwari. Kwetu mtu hazikwi watoto na ndugu hawajafika."

Siku nne zilibaki. Frankfurt ilikuwa mwendo wa treni, na kutoka Frankfurt nyumbani ni usiku mmoja angani; tulikuwa tumeshavuka nusu ya njia. Angefika. Angemkuta mama yake, angemwona uso, angerusha udongo. Nilimwambia mama mdogo hivyo, nililia kabisa. Naye alilia, lakini alilirudia lile lile la visa, la shule, la alichotaka marehemu.

"Na watoto wake waliofika watasema nini akikosekana?" nikauliza.

"Tumewaambia kakosa ndege."

Nimeshawahi kumwambia mtu kwamba nilinyamaza kwa ajili ya kiapo. Si kweli. Mtoto yeyote aliyepita chuo cha Kurani kwetu Tanga anajua kiapo kina kafara: unalisha maskini kumi, na usipoweza unafunga siku tatu. Siku tatu tu za njaa, na Ramadhani nilikuwa nafunga mwezi. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Nilikuwa nimemdanganya siku sita, na kumwambia mama yake amekufa kulimaanisha kumwambia pia kwamba zile siku sita nilikuwa nacheka naye. Kila siku niliyongoja, neno lilizidi kuwa zito. Jumatano nikasema kesho. Alhamisi nikasema baada ya chakula. Ijumaa treni ya mwisho ambayo ingemfikisha iliondoka saa nane mchana, na saa nane mchana sisi tulikuwa juu ya paa la shule tunaonyeshwa paneli za jua.

Jumamosi mjane alituomba tumsindikize makaburini. Makaburi yao ni bustani. Kuna bomba mlangoni, na ndoo za kumwagilia zimetundikwa kwenye ndoano, kila mtu anachukua, anakwenda kwa mtu wake. Mwenzangu alipenda sana. Alijaza ndoo, akamwagilia maua ya mume wa yule mama, kisha akaona kaburi la jirani limekauka, akarudi bombani kuchota ya lile pia. Nilitazama saa. Kule Moshi ilikuwa saa tisa alasiri, saa ya kuzika.

"Kwetu tungeogopa," akasema huku anakung'uta maji mikononi. "Lakini hivi ni vizuri. Mama angependa huku."

Nikaenda nyuma ya ukuta nikatapika. Nilimwambia ni zile soseji zao, na yeye akanishika mgongo hadi nyumbani.

Tulirudi Alhamisi iliyofuata, mchana. Mama mdogo alitupokea uwanjani na miwani myeusi, akasema tunapitia Bowie kula kwanza. Nje ya nyumba kulikuwa na magari mengi hadi kwenye majani ya jirani. Mlango ulipofunguliwa mwenzangu aliona wanawake wamekaa chini kwenye zulia, wamejifunga khanga, na makochi yamesukumwa ukutani. Mtu yeyote wa kwetu anajua ni nini sebule ikiwa hivyo.

"Nani?" akauliza. Kisha akajijibu mwenyewe, akaanguka, wakamdaka.

Walimlilia, wakamlaza, wakamnywesha maji. Baadaye sana alikaa akauliza lini. Mama mdogo akamwambia siku aliyokufa, akamwambia na siku aliyozikwa. Niliona midomo ya mwenzangu ikihesabu siku kurudi nyuma, moja moja. Ilipofika Jumamosi ikasimama.

Akanitazama. Akaniuliza nilijua tangu lini, na aliniuliza kwa Kiingereza. Tulikuwa hatujawahi kusemeshana Kiingereza tukiwa wenyewe, hata siku moja.

Nikamjibu kwa Kiswahili. Nikasema tangu Jumatano, kabla hatujaondoka.

Hakunitukana. Alimaliza shule mwaka uliofuata, kama walivyotaka. Tuliishi chumba kile kile mpaka mkataba ukaisha, na kila asubuhi alinisalimia vizuri, akaniuliza kama nimelala vizuri, kwa Kiingereza.