Chapa ya Ngamia wa Mzee Jama

Siku yangu ya kwanza kazini nilimharibia mzee mmoja nasaba yake. Tulikuwa juu ya bohari kuukuu huko Digbeth, mjini Birmingham, karibu na kituo cha mabasi ya mbali, naye alikuwa akihesabu mababa zake kurudi nyuma: mwana wa fulani, mwana wa fulani. Alipofika jina la tano nikamwuliza, "Una uhakika na huyo?" Alinitazama, akameza mate, akaanza upya. Nikauliza tena. Akaanza tena. Msimamizi wangu, mama wa Kizanzibari ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, alinivuta kando.

"Mwanangu, nasaba hutoka kwa pumzi moja. Ukimkata mtu katikati harudi alipokomea, hurudi alipoanzia. Maswali yako kama ya mtu wa forodha! Hebu yatie mfukoni mpaka afike mwisho."

Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na waliostaafu na mvi zao. Mimi naiacha kazi hii kabla unywele mmoja haujabadilika rangi. Lakini vijana wanaoianza sasa wananiuliza tulikuwa tunaifanyaje, na sipendi kujibiwa kwa kifupi, kwa hiyo nami sitawajibu kwa kifupi.

Kazi ilikuwa kufuatilia historia za familia ambazo mababu zao walikuwa wa kwanza kujenga katika miji ya mpakani, kaskazini mwa Kenya: Wasomali waliofika na ngamia na mizigo ya biashara, wakachimba visima na kusimamisha maduka ya mabati mahali ambapo hapakuwa na mji. Vitukuu wao wako Birmingham, wengine baada ya kupitia Uholanzi au Sweden. Watoto waliozaliwa hapa wanaelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, na siku moja huuliza nyumbani, "Sisi ni nani?" Hapo ndipo wazazi hutupigia simu.

Tulianza na abtirsi, yaani kule kuhesabu mababa, ambako mtoto wa Kisomali hufundishwa kabla hajajua kusoma. Mimi nilifundishwa na baba yangu Garissa, peremende moja kwa kila jina. Chuo kikuu nilisoma historia nikajifunza kuishuku: ni nasaba ya wanaume watupu, haina mama, haina binti, haina mtu aliyejiunga njiani. Kwa hiyo niliuliza pia juu ya visima, nani alinywesha wapi na kwa ruhusa ya nani. Na niliuliza juu ya chapa, alama ya moto ambayo ngamia hupigwa shingoni au pajani ili ajulikane ni wa ukoo gani. Jina unaweza kulibadilisha leo. Chapa iko kwenye ngozi na majirani wote wameiona.

Kutoka Digbeth nilihamishiwa Washwood Heath, chumba kilicho nyuma ya duka la vitambaa, chini ya Mratibu. Huyu alikuwa mwanamume wa Nairobi aliyependa kazi iishe. Neno lake lilikuwa moja: "Wateja wanataka kitabu, si kesi."

Huko ndiko nilikompata Mzee Jama. Aliishi ng'ambo ya uwanja uliokuwa kiwanda cha magari, ambapo sasa wanajenga karakana ya treni za kasi. Wazee wa ukoo wake hapa mjini walikuwa wamemchagua awe msemaji wao, yule anayekaa katikati watu wakigombana na anayetangulia posa zikipelekwa. Kabla ya mkutano wa kumthibitisha, uliokuwa ufanyike Perry Barr, alitaka kitabu juu ya Guled, baba wa babu yake, aliyechimba kisima cha kwanza cha mji wao.

Alihesabu mababa bila kukwama. Dada yake, Bi Halima, akaleta chai ya maziwa. Nikamwuliza kama anaikumbuka chapa ya ngamia wao. Akachovya kidole kwenye chai iliyomwagika mezani akachora mstari mmoja na duara chini yake. Familia nyingine za ukoo huo zilikuwa zimenichorea mistari miwili iliyopishana. Zote.

"Bi Halima, hii ndiyo ya kwenu? Wenzenu wamenichorea mistari miwili iliyopishana."

"Si nimekuchorea? Hao ngamia nimewachunga mimi, huyu Jama akiwa bado anaogopa ndama."

"Mimi sikuogopa ndama."

"Ulilia, Jama. Mpaka mama akakubeba."

Kisha wote wawili wakaitazama ile alama na utani ukaisha.

Kuna neno, sheegad. Ni mtu aliyefika nchi ya wenyewe akikimbia ukame au vita, akaomba ukoo wa hapo umpokee. Akipokewa, huwahesabu mababa zao kama zake, ila ngamia wake hubaki na chapa ya alikotoka. Vizazi viwili vitatu vikipita, wajukuu hawajui. Watu hao si wachache, ila hawatajwi. Akitajwa mmoja, hukaa nyuma mkutanoni, na siku ya ugomvi neno hilo hurushwa kama jiwe.

"Ulijua?" Mzee Jama alimwuliza dada yake.

"Kwamba Guled alipokewa? Wanawake wote tulijua. Nyinyi mlikuwa mnahesabu majina, sisi tulikuwa tunakamua."

"Na hamkusema!"

"Mliuliza?"

Alinigeukia. "Binti, ukiandika hiyo, mimi si msemaji tena. Watasema ukoo umepewa mgeni auongoze. Na watoto wangu je, wataambiwa nini huko msikitini?"

Nilimwonea huruma, lakini nilimwambia kweli: siwezi kuandika kwamba Guled alizaliwa ndani ya ukoo huo. Naweza kuacha kuandika kabisa. Achague yeye. Mratibu alipopata habari alikasirika. "Weka majina vile amesema, tumalize!" Nikakataa. Nikampigia Msimamizi wangu wa zamani nikidhani atanisifu.

"Umeuliza kama Guled kweli ni mtu wao," alisema. "Hukuuliza kwa nini walimpokea."

Nikarudi kwa Mzee Jama na swali hilo. Bi Halima alijibu kabla sijavua koti: "Kwa sababu alijua kupasua mwamba. Wao walikuwa na ngamia, hawakuwa na maji. Akashuka chini, akachimba hadi wakanywa, wakampa binti yao." Mzee Jama alikuwa dirishani.

Ukumbi wa Perry Barr ulikuwa nyuma ya majengo mapya, karibu na stesheni. Mzee Jama alisimama mbele akaanza kuhesabu mababa, mkono kifuani. Alipomtaja Guled, alinyamaza. Nikashika pumzi, maana mtu akikatika hurudi mwanzo. Hakurudi.

"Guled hakuzaliwa na ukoo huu," alisema. "Mlimpokea. Akawachimbia maji. Mkitaka msemaji mwingine leo, nitakuwa wa kwanza kumsikiliza."

Wanaume wawili walivaa makoti yao wakatoka bila kuaga. Kisha mzee mmoja wa safu ya nyuma akasema bila kuinuka, "Jama, maji hayo ndiyo yaliyonikuza. Sasa unataka niyatapike?"

Watu wakacheka, halafu wakabishana, na ubishi ukaendelea hadi sala ya alasiri. Baada ya sala walimthibitisha. Wapo ambao mpaka leo hawampi mkono. Kitabu nilikiandika, na jalada lake lina mstari mmoja na duara chini yake. Mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo.

Sasa naondoka, naenda kufundisha. Siku ya kuagana, kule Digbeth, Msimamizi alinikatia kipande cha mkate wa mayai akaniuliza, "Umewauliza watu wote wa Birmingham chapa zao. Ya kwenu ikoje?"

Sikuijua. Nilikuwa nimemsimamisha Mzee Jama mbele ya ukoo mzima, na ya kwetu sikuijua. Nilishuka nje nikampigia bibi yangu Garissa.

"Ayeyo, ngamia wa babu walikuwa na chapa gani?"

Nilisikia mbuzi nyuma yake.

"Uko peke yako?"

"Ndiyo, ayeyo."

"Basi kaa chini."

Nikakaa kwenye ngazi ya bohari. Akaanza, na mara hii sikumkata katikati.