Goti la Otmari

Mwanangu, sogea karibu. Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu: siku Otmari, mtoto wa dada yangu Gaudensia, alipoamka akakataa kusimama. Tulikuwa Lipingo, tumehamia kijiji cha ujamaa karibuni, udongo wa kuta haujakauka. Mwili wake ulikuwa moto, goti limevimba mpaka linang'aa. Ukiligusa kidogo tu, analia mpaka sauti inamkauka.

Watu wakasema ameanguka akicheza. Goti likakandwa kwa maji ya moto, likasuguliwa mafuta. Wengine, si unawajua wanadamu, wakaanza kutafuta mchawi. Gaudensia alitaka kumpeleka hospitali, lakini mumewe alikuwa kambini kwenye shamba la kijiji, na enzi zile mke hakutoka bila ruhusa. Siku zikapita. Bibi yetu alipokuja kumwona mtoto, alitukaripia sote.

"Aliyeanguka huumwa goti," alisema. "Huyu anaungua mwili mzima. Mnasugua nini?"

Hatukungoja ruhusa tena; wanaume wakambeba kwa machela, tukapanda milima hadi hospitali ya misheni, kule juu Umatengo. Daktari alichoma sindano gotini, ukatoka usaha. Akatueleza kwamba vijidudu vimeingia ndani ya kiungo na vinakula mfupa. Akampasua siku hiyo hiyo, akaliosha goti. Mtoto angeishi, alisema, ila goti lisingekunjika tena. Tulikuwa tumechelewa.

Baadaye homa ikashuka, Otmari akaanza kucheka. Shemeji akaja kuwachukua. Mihogo ilingoja jembe, na yeye amechoka kujipikia; wasiporudi, alisema, ataoa mwingine. Lakini daktari alikuwa amesema dawa ziendelee majuma mengi, kwa kuwa maradhi ya mfupa hujificha. Dada yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akimkatalia mumewe neno, hakuinuka pale kitandani.

"Homa imetoka, baba Otmari. Ugonjwa haujatoka. Ukitaka kuoa, oa."

Na akaoa, mwanangu. Tuliporudi tulimkuta mwanamke mwingine jikoni. Gaudensia akarudi kwa wazazi wetu, akazeekea hapo. Otmari alipona, akakua, mguu umenyooka kama mpini, wenzake wakimcheka njia nzima ya shule. Mama yake alipomwona anapanda ngazi za kanisa, aligeuza uso. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Basi nakuusia. Mtoto akishikwa na homa, kisha akakataa kukanyaga mguu au kuinua mkono, usimkande, usimchanje chale, wala usingoje ruhusa ya mtu. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, maana kiungo hakikungoji. Na dawa azimalize, hata akiwa anacheka. Nawe ukiwa baba, usimfanye mama achague kati ya nyumba yake na mwanawe.

Mungu akujalie watoto wanaokimbia, na siku wakishindwa kukimbia, akupe mwenzi wa kukaa nawe kitandani pao mpaka mwisho.